Siti ya gari inajisogeza yenyewe? Soma hii kabla hujampelekea fundi hela

Gari yangu ni sedani iliyotumika Japani, na wiki ya kwanza tu mtaani ilishasemwa ina jini. Ukizima injini ukafungua mkanda, siti ya dereva inarudi nyuma taratibu yenyewe. Siku moja shangazi kakaa nyuma yangu kapakata sufuria ya pilau, siti ikamfuata mpaka magotini, akapiga kelele "we mtoto, gari yako inanibana!" Kumbe ndo imeundwa hivyo, inampa dereva nafasi ya kushuka. Kama inakukera angalia kwenye mipangilio ya gari kwenye skrini, ukikosa fundi mwenye mashine ya kudayagnozi (ya kusoma kompyuta ya gari) anaweza kuizima.

Siti za hivyo mara nyingi zina memori, vile vibatani 1 na 2 mlangoni ambavyo watu wanaviacha miaka. Weka gia P, swichi ON, panga siti na vioo vya pembeni unavyotaka, bonyeza SET halafu shikilia 1 mpaka ilie pii. Kwetu 1 ni yangu, 2 ya wife, na ule ugomvi wa "nani kasogeza siti yangu" ulikufa siku hiyohiyo. Ila ukichomoa betri memori inaweza kufutika, saa nayo inarudi mwanzo, na kioo cha dereva kinagoma kupanda kwa mguso mmoja, unakuta taa ndogo ya AUTO kwenye swichi inablinki. Swichi haijafa hiyo! Pandisha kioo mpaka juu kabisa, kikishafunga endelea kushikilia swichi sekunde chache, basi. Kuna watu wameuziwa swichi nzima kwa hilo.

Siti ya umeme ikigoma, tega sikio kwanza. Ukisikia mota inalia na siti haiendi, shida iko kwenye gia za siti yenyewe au kuna kitu kimekwama relini, piga tochi chini, mimi nilikuta kizibo cha soda na waya wa chaja. Kama iko kimya kabisa, anza na fyuzi, kwenye Toyota nyingi imeandikwa P/SEAT.

Ile pii pii ya mkanda wakati hakuna mtu pembeni ni sensa ya uzito chini ya siti ya abiria, haijui tofauti ya mtu na katoni ya maji. Shusha mzigo chini au uweke buti. Vile vibati vya kuchomeka kwenye kufuli ya mkanda ili kelele iishe mimi sivipendi, maana siku akikaa mtu kweli bila mkanda gari nayo itanyamaza.

Sasa hapa kwenye kava za siti ndo penye hatari. Angalia ubavuni mwa siti ya mbele, upande wa mlango, ukiona kilebo cha SRS AIRBAG maana yake eabegi (mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali) imo ndani ya siti na siku ya ajali inatokea hapohapo kwa kupasua mshono. Ukivalisha kava ya lezi (ngozi) iliyobana pande zote umeizibia njia. Dai kava iliyoachwa wazi pale ubavuni. Na kama siti yako ina feni ya kupuliza hewa kwenye vitundu vya ngozi, kava inaiua kabisa hiyo raha.

Halafu fundi wa kava akitaka kuitoa siti nje, simama hapohapo. Chini kuna soketi ya njano, ndo ya eabegi. Gari izimwe, waya wa hasi wa betri utolewe, msubiri dakika tano hivi ndo ichomolewe, na asiiguse soketi hiyo na testa (kipima umeme) maana eabegi inaweza kulipuka. Mimi walichomoa wakawasha gari ili wasikilize redio, taa ya SRS ikawaka dashibodi na haikuzima hata soketi iliporudishwa, ikabidi nilipie mashine kuifuta.

Hita ya siti Dar utacheka, ila ukienda Njombe au Makete mwezi wa saba utaishukuru, na mgongo ukiuma inasaidia. Usipige goti juu ya siti wala kuchoma pini, waya zake ni nyembamba zinakatika. Na usiiwashe huku umeweka mto au blanketi juu, joto linakosa pa kutokea.

Na yule dada anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari, anakwambia kadi ya ETC haijawekwa, ni kile kiboksi cha kulipia barabara za kwao. Chomoa waya wake na ananyamaza. Wangu sijamchomoa, watoto wameshamzoea, akiongea tu wote wanaitikia "haya dada".