Utafiti wa saikolojia: usianze na dodoso, anza na swali

Semesta ya mwisho ikifika wanafunzi wengi wa saikolojia hapa Kampala wanakimbilia kitu kimoja, wanachapisha madodoso mia, wanayagawa, alafu ndo wanakaa chini kujiuliza walikuwa wanatafuta nini. Inaniuma kwa kweli, hela ya fotokopi imeisha na majibu waliyonayo hayajibu kitu. Swali kwanza. Ukishakuwa na swali zuri mbinu inajichagua yenyewe.

Tuchukue watu wa boda. "Stresi ya waendesha boda Kampala" hilo bado si swali, ni kichwa tu. Swali ni hili: wanaoendesha saa nyingi kwa siku wanalala vibaya kuliko wanaoendesha saa chache? Hapo kuna vitu viwili vya kupima, saa za kazi na usingizi, na lazima uamue mapema kila kimoja utakipimaje. Kulala vibaya kwako ni nini, kulala chini ya saa 5? Kuamka-amka usiku? Amua, andika, na usibadilishe kazi ikiwa katikati.

Njia ambayo watu wanaidharau sana ni kuangalia tu, na hapa Uganda hatuna sababu ya kuidharau kabisa. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja huku 1954, akawa anazitembelea familia 26 za vijiji vya karibu na Kampala, kila baada ya wiki mbili hivi anakaa na mama na mtoto karibu saa mbili nzima, kwa miezi mpaka 9, anaangalia mtoto analia lini, mama akitoka anafanyaje, anamkimbilia nani. Alichapisha kazi hiyo 1967, na mengi yanayofundishwa leo duniani kuhusu mtoto anavyoshikamana na mama yake yalianza kwenye nyumba hizo za Buganda.

Sasa ukiangalia, andika ulichoona, usiandike ulichodhani. Uko steji, pale boda wanaposubiri abiria, usiandike "amekasirika", andika "amepiga honi mara 3, amepandisha sauti, amemsukuma mwenzake". Na mlete rafiki yako aangalie watu walewale wakati uleule bila kuona karatasi yako, alafu mlinganishe, mkipishana sana ujue hamjaelewana nini cha kuhesabu, rudini mkapange upya kabla ya kuendelea.

Dodoso nalo lina kazi yake, ila maswali mengi ninayoyaona yameharibika tangu yanaandikwa. Mfano: "Je, unakubali kwamba kazi ya boda inaleta stresi na kukosa usingizi?" Hapo umeshamwambia mtu jibu unalotaka, na umeuliza mambo mawili kwa pamoja, akisema ndiyo hujui amejibu lipi. Uliza hivi: "Katika siku 7 zilizopita, ni usiku ngapi ulilala chini ya saa 5?" Anakupa namba, basi. Wajaribishie watu wachache kwanza, umwombe kila mmoja akueleze ameelewa nini kwenye kila swali, utashangaa.

Angalia pia nani amesimama karibu. Chairman wa steji akiwa pembeni anasikiliza, kijana hawezi kukwambia kwamba amechoka au kwamba analewa ili apate usingizi, atakwambia mambo iko sawa bosi. Mvute kando. Na usichukue wale tu waliokaa bila abiria mchana kwa sababu hao ndo wana muda na wewe, waliochoka zaidi wako barabarani. Omba orodha ya wanachama wa steji, chagua jina moja la kuanzia kwa kura, kisha kila jina la tano, uwafuate haohao hata kama ni wa usiku.

Tuseme umekuta wanaoendesha saa nyingi kweli wanalala vibaya. Usiandike kwamba kazi ndefu inaharibu usingizi! Fikiria mtu aliyechukua pikipiki kwa mkopo na kila wiki lazima alipe, deni hilo ndo linamfanya aendeshe mpaka usiku, na deni hilohilo ndo linamfanya akodoe macho kitandani. Vitu viwili vinakwenda pamoja na sababu iko nyuma yao. Kwa hiyo uliza na mkopo pia, alafu linganisha wenye deni peke yao na wasio na deni peke yao.

Ukitaka kusema hiki kinasababisha kile, inabidi ufanye jaribio, na roho ya jaribio ni kura. Kuna kazi iliyochapishwa 2003 iliyofanyika Masaka na Rakai, vijiji 30, watu wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), vijiji vikagawanywa kwa bahati nasibu, vingine vikapata tiba ya mazungumzo kwenye vikundi kwa wiki 16 na vingine havikupata, na waliopata wakapungukiwa dalili kuliko wenzao kwa kiasi kikubwa. Wewe chuoni unaweza kufanya ndogo: je, muziki unasumbua mtu akikariri? Wanafunzi 30, karatasi zilizokunjwa kwenye mfuko, 15 zina M na 15 hazina, kila mtu anachota, wa M anakariri na muziki, mwingine anakariri kimya. Orodha ileile ya maneno 20, dakika zilezile, chumba kilekile, tofauti iwe muziki tu. Na anayesahihisha asijue karatasi ni ya kundi gani.

Haya yote hayaanzi kabla ya kamati ya maadili ya utafiti ya chuo kukubali, muulize suparvaiza pia kama kazi yako inahitaji kusajiliwa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa, na ajue anaweza kuacha wakati wowote bila kukasirikiwa. Chini ya miaka 18 unahitaji mzazi na mtoto mwenyewe wote wakubali. Ukiuliza mambo ya huzuni uwe umeshajua utamwelekeza wapi atakayezidiwa, hospitali ya magonjwa ya akili ya Butabika au kituo cha afya cha karibu, siyo uanze kutafuta namba mtu analia mbele yako. Majina usiyaandike kwenye dodoso, weka namba, na orodha ya majina ifungiwe sehemu nyingine kabisa.