Jinsi ya kumpima mgombea wa Cooperstown aliyecheza enzi za steroidi

Kila Januari, matokeo ya kura za Ukumbi wa Heshima wa besiboli ulioko Cooperstown, New York, yanapotangazwa, ubishi ni uleule: wakali wa enzi za steroidi, yaani dawa za kukuza misuli, wafungiwe mlango wote? Hapana. Anayehukumika ni mchezaji mmoja mmoja, kwa tarehe na kwa ushahidi. Kazi hiyo ina utaratibu wake.

Jua kwanza kura inavyokwenda. Wanaopiga ni waandishi wa besiboli wenye miaka 10 mfululizo katika chama chao. Mgombea awe amecheza misimu 10 na amestaafu miaka 5. Karatasi moja haizidi majina 10. Anayefikisha 75% anaingia, aliye chini ya 5% anatolewa, na mwisho wa kugombea ni miaka 10. Kanuni inataka upime rekodi na uwezo wa mchezaji, na pia uadilifu, uanamichezo na tabia yake. Ugomvi wote unaanzia kwenye neno hilo, uadilifu.

Sasa chora mstari wa miaka. Mwaka 1991 sheria ya Marekani ya kudhibiti steroidi ilianza kazi, na Juni mwaka huo kamishna (mkuu wa ligi kuu ya besiboli) Fay Vincent akaziandikia timu kwamba dawa haramu, steroidi zikiwemo, ni marufuku. Kupima hakukuwepo, kwa kuwa chama cha wachezaji hakikuwa kimekubali. Mwaka 2003 wachezaji walipimwa kwa siri bila adhabu, na kwa kuwa zaidi ya 5% walikutwa na dawa, upimaji wa kudumu ukaanza 2004. Mwaka 2005 kosa la kwanza likawa kufungiwa siku 10, 2006 mechi 50, na tangu 2014 ni mechi 80.

Watu hukosea hapa kwa njia mbili. Wapo wanaodai steroidi zilikuwa ruksa kabla ya 2004, jambo ambalo si kweli. Na wapo wanaouchukulia waraka wa 1991 kama kanuni yenye vipimo na adhabu, nao haukuwa hivyo. Hata dawa yenyewe itaje kwa jina. Chupa iliyoonekana kwa mpigaji Mark McGwire mwaka 1998, msimu aliopiga homurani 70 (mapigo yanayompa mpigaji mzunguko mzima wa vituo), ilikuwa ya androstenedione, iliyouzwa madukani na isiyokatazwa na ligi wakati huo. Steroidi alikiri mwenyewe mwaka 2010, na kukiri huko ndiko kunakohesabika.

Kisha panga ushahidi kwa uzito. Juu kabisa weka adhabu za ligi: Rafael Palmeiro alipimwa akakutwa 2005, Manny Ramírez akaadhibiwa 2009 na 2011, naye Alex Rodriguez akakosa msimu mzima wa 2014. Hawa walijua kanuni, vipimo na adhabu, wakavunja. Sisi tungewanyima kura bila kusita. Chini yao weka kukiri, halafu ripoti ya Mitchell ya Desemba 2007, ya uchunguzi wa dawa katika ligi, yenye majina 89. Hiyo isome jina kwa jina, maana wengine wana nakala za hundi walizolipia dawa, wengine wana maneno ya shahidi mmoja tu. Orodha iliyovuja ya waliokutwa na dawa 2003 iache kando. Wachezaji waliahidiwa siri, na mwaka 2016 kamishna Rob Manfred alisema baadhi ya matokeo yake yalikuwa na utata. Minong'ono kuhusu ukubwa wa mwili itupe kabisa. Jeff Bagwell hakuwahi kuadhibiwa, lakini alinong'onwa hivyo, akaingia kwa jaribio la saba tu, 2017.

Kazi ya mgombea asiye na adhabu ikate vipande viwili, kabla na baada ya tuhuma. Chukua Barry Bonds, ambaye tuhuma nzito zinaanzia baada ya 1998. Ukiishia msimu huo, tayari ana homurani 411, vituo 445 alivyoiba (alivyofikia kwa mbio bila kusubiri mpira upigwe) na tuzo 3 za mchezaji bora wa ligi. Hizo zinatosha bila homurani 73 za 2001. Rudia hesabu ukisogeza tarehe nyuma miaka miwili. Jibu likibadilika, msingi wako ni dhaifu. Usijaribu kupunguza homurani kwa asilimia ya kukisia, kwa sababu hata warushaji, wanaowarushia wapigaji mpira, walitumia dawa. Mlinganishe na wastani wa ligi wa msimu uleule.

Ni kwa hoja hii tunaona Bonds alistahili kuingia, ingawa alimaliza na 66% mwaka 2022. Bud Selig, kamishna aliyeisimamia ligi sehemu kubwa ya miaka hiyo, aliingia 2017 kwa kura ya kamati. Kumpa heshima msimamizi na kuwafungia wachezaji wote wa enzi yake ni dhuluma.

Mwisho, angalia unavyojaza karatasi. Karatasi tupu iliyosainiwa na kurudishwa inahesabiwa. Mwaka 2021 zilikuwa 14 kati ya 401, na idadi ya kura za kuingia ikawa 301. Bila hizo ingekuwa 291. Karatasi ya namna hiyo inamwadhibu hata asiye na doa. Kama humtaki mtu, acha jina lake bila alama na uwapigie wanaostahili. Kama huwezi kuamua, usiirudishe karatasi.