Supu, chapati na chai ya kibandani: jinsi ya kuagiza asubuhi bila kujaza sukari na mafuta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Dar es Salaam, karai la maandazi limeshachemka, chapati zimepangwa kwenye hotpoti na supu inafuka pembeni. Wanaokula hapo wengi wametoka nyumbani kabla jiko halijawashwa, na watarudi usiku. Kumwambia mtu wa aina hiyo "pika mwenyewe" ni kumpa ushauri ambao hatautumia hata siku mbili. Mwongozo huu unakiacha kibanda pale pale, na mama ntilie wako ni yule yule. Kinachobadilika ni oda.

Tatizo la oda ya kawaida ni mkusanyiko: ngano iliyokobolewa juu ya ngano iliyokobolewa, imekaangwa, halafu inateremshwa kwa sukari. Chukua maandazi matatu na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Kama kilo moja ya unga imetoa maandazi 20, kila andazi lina gramu 50 za unga, na ukijumlisha sukari na mafuta yaliyonyonywa linafika kalori 220 hadi 260. Matatu ni kama 700. Ongeza chai, umefika karibu 900, ambayo ni zaidi ya theluthi ya mahitaji ya siku nzima ya watu wengi. Katika mlo wote huo nyuzinyuzi hazizidi gramu 4 au 5, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Ndiyo maana saa nne njaa imerudi kana kwamba hukula kitu.

Hatua ya 1: Jua ukubwa wa chapati yako

Usiulize chapati ina kalori ngapi. Muulize mpishi: "Mama, kilo moja ya unga unatoa chapati ngapi?" Jibu lake lina thamani kuliko jedwali lolote la mtandaoni. Akisema kumi, kila moja ina gramu 100 za unga, yaani kalori 350 hivi kabla ya mafuta. Akisema kumi na tano, ni gramu 67 na kalori kama 235. (Bei ya ngano ikipanda chapati nazo hukonda, kwa hiyo rudia swali hili mara moja moja.)

Sasa mafuta. Kijiko kimoja cha chakula ni gramu 14 hivi, kalori 120. Chapati ya kusukuma hupakwa mafuta ndani ili itoke tabaka, kisha hupakwa tena juu ya kikaango, pande zote mbili. Kijiko kizima kwa chapati moja si ajabu. Ili kujua, weka chapati ya moto juu ya karatasi nyeupe isiyoandikwa kwa dakika moja. Doa likienea hadi kingo za chapati na karatasi ikawa unaweza kuona upande wa pili, hiyo imeogeshwa. Ukifika mapema, wakati bado zinapikwa, sema: "Yangu usiirudie mafuta." Wapishi wengi hawaoni shida, maana unawapunguzia gharama.

Chapati mbili kubwa za mafuta mengi ni kalori 900 na ushee, na bado hujagusa supu. Lengo ni moja badala ya mbili. Kama za kwako ni ndogo, za kumi na tano kwa kilo, mbili zinaweza kukaa, ila basi zisiandamane na andazi.

Hatua ya 2: Ishike sukari mwenyewe

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kwa juhudi ndogo, na ndiyo ambayo watu huibishia zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 za sukari. Kijiko cha kibandani hakisawazishwi. Kina kichuguu, na kichuguu hicho hukifikisha gramu 6 au 7. Vijiko vitatu vya hivyo ni gramu 20. Vikombe viwili ni 40. Kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa gramu 50 za sukari ya kuongezwa, na linashauri ikiwezekana zisizidi 25. Umeshazivuka 25 hizo kabla ya saa mbili.

Fanya hivi:

1. Wiki ya kwanza, sawazisha kijiko kwa ncha ya uma au kijiko kingine. Idadi ya vijiko usiiguse.
2. Kuanzia wiki ya pili, punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea taratibu. Ukikata vyote kwa siku moja, siku ya tatu utarudi kwenye vinne.
3. Simama kwenye kijiko kimoja. Ukitaka kufika sifuri ni sawa, lakini faida kubwa umeshaipata.

Kikwazo cha kweli ni chai iliyotiwa sukari tangu jikoni, ikamiminwa kwenye chupa. Hapo una njia mbili. Agiza maji ya moto, majani ya chai na tangawizi vitiwe kikombeni. Au omba nusu kikombe cha chai ya maziwa yenye sukari kijazwe na chai ya rangi isiyo na sukari. Ladha haitakuwa ya ajabu, ila inanyweka. Kuhamia kwenye juisi ya pakiti au soda "ili kuacha chai" ni kuruka majivu na kukanyaga moto: soda ya kola ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari.

Hatua ya 3: Weka kitu kinachoshibisha kabla ya kupunguza chapati

Mpangilio huu ni wa makusudi. Anayetoa chapati bila kuweka kitu mahali pake huwa ameshanunua sambusa na soda saa nne na nusu. Kibandani kuna vitu vitatu vya kukutoa hapo.

*Maharage.* Bakuli la gramu 200 za maharage yaliyopikwa lina kama gramu 17 za protini na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 12, kwa kalori 250 hivi kama hayakuungwa kwa mafuta mengi. Hakuna kitu kingine kibandani kinachokaribia hapo kwa bei ile. Chapati moja na bakuli kamili la maharage ni mlo bora kuliko chapati mbili na maharage ya kuchovyea. Sema wazi, "maharage mengi, chapati moja," maana kipimo cha kawaida ni cha kulainishia chapati tu.

*Mayai ya kuchemsha.* Moja lina kama gramu 6 za protini na kalori 70 na kitu. Mawili yanatosha. Chagua lenye ganda, limenywe mbele yako; lililomenywa mapema limeshashikwa na mikono na vumbi la barabara. Ile chumvi yenye pilipili nyunyiza, usichovye.

*Supu.* Hapa pana mambo mengi, kwa sababu supu inaweza kuwa chakula kizuri kuliko vyote kibandani au ikawa sufuria la mafuta na chumvi.

Mafuta huelea. Mpishi anayetaka supu ing'ae huchota juu; wewe mwambie azamishe upawa: "Nichotee ya chini, mafuta ya juu yaache." Kama bakuli limeshafika na lina duara za mafuta, zikusanye kwa kijiko na uzitoe zikiwa bado moto, zikipoa zinagandia kwenye nyama. Omba nyama isiyo na mafuta, na kama ni kuku, ngozi iweke pembeni. Gramu 100 za nyama laini iliyopikwa zina protini kama gramu 25, na hicho ndicho unacholipia.

Chumvi ni habari nyingine. Supu yenye ladha ya kawaida hukaribia asilimia 1 ya chumvi, yaani bakuli la mililita 300 lina gramu 3 hivi, na ukomo wa siku nzima ni chini ya gramu 5. Onja kabla ya kushika kile kikopo cha chumvi mezani. Tia ndimu na pilipili kwanza. Uchachu hufanya ulimi usidai chumvi zaidi. Mwenye shinikizo la damu ale nyama na ndizi zilizomo, na mchuzi aunywe nusu.

Mtori uko upande salama zaidi kama haukutiwa siagi nyingi, maana ndizi ndizo wanga wako na huhitaji chapati. Kuagiza mtori na chapati mbili ni kula milo miwili kwa jina la mmoja.

Hatua ya 4: Kachumbari na tunda

Hatua fupi. Omba kachumbari ijae nusu ya sahani ndogo, kamulia ndimu. Panapotangazwa kipindupindu, au maji ya kuoshea ukiyaona yamebadilika rangi, iache na ule tunda lenye ganda: ndizi mbivu, chungwa unalomenya mwenyewe, au nusu parachichi. Matunda yaliyokatwa tangu alfajiri kwenye mfuko hayastahili kuaminiwa.

Ndimu ina kazi ya pili. Vitamini C husaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, wakati chai huyazuia. Mwanamke mjamzito, anayepata hedhi nzito, au yeyote aliyeambiwa ana upungufu wa damu ale kwanza, chai aisogeze mbele kwa saa moja. Akiwa na chupa ndogo ya chai anaweza kuondoka nayo.

Oda za kunakili

- Chapati moja, maharage bakuli kamili, ndimu, chai ya rangi kijiko kimoja: kalori 620 hadi 740, kutegemea chapati. Kwa mtu wa kazi za mikono.
- Mayai mawili, viazi vitamu vya kuchemsha gramu 200, kachumbari, chai: kama 350. Kwa anayekaa ofisini. Mihogo ya kuchemsha inaweza kukaa mahali pa viazi, ila ina wanga mwingi zaidi kwa uzito ule ule, basi vipande viwili vinatosha.
- Supu ya chini na nyama laini, chapati moja ndogo au ndizi za kuchemsha, kachumbari.
- Uji wa ulezi usio na sukari nyingi, karanga kiganja kimoja, yai.

Mombasa na pwani ya Kenya oda ya asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, nayo iko karibu na sawa tayari. Mbaazi ni jamii ya kunde, zina nyuzinyuzi na protini. Agiza mahamri mawili badala ya manne, chota mbaazi zaidi kuliko tui, kwani mafuta ya nazi mengi ni yale ya kuganda.

Na zege? Viazi gramu 200 vilivyokaangwa, mayai mawili, na mafuta ya kikaango: vinakaribia kalori 900. Kila asubuhi hapana. Siku ukiitamani, agiza "chipsi nusu, mayai mawili, kachumbari nyingi", na usiweke soda. Angalia pia mafuta: yakiwa meusi, yanatoa povu linalokaa juu, au yanafuka moshi kabla hayajawekewa kitu, yamerudiwa mno. Mafuta ambayo hayajapata moto wa kutosha nayo ni mabaya kwa namna yake: viazi hukaa muda mrefu, hulowa, na hunyonya zaidi. Chipsi nzuri inalia ikiingia.

Panapoharibika

Wengi huhamia mkate "wa kahawia" wakidhani wamemaliza kazi. Soma lebo: kama kitu cha kwanza ni unga wa ngano mweupe na mbele kuna karameli, umenunua rangi. Unaotakiwa huanza na unga wa ngano isiyokobolewa.

Wengine huruka asubuhi kabisa, halafu mchana hula sahani ya wali iliyopandiwa mara mbili. Kama asubuhi huna njaa si lazima ule, lakini beba mayai mawili au karanga za saa nne.

Kosa la tatu ni kubadilisha yote Jumatatu moja. Anza na kijiko cha sukari, wiki inayofuata ongeza maharage, ndipo upunguze chapati.

Kwa mwenye kisukari

Anayechoma insulini, au anayemeza dawa za kushusha sukari, asipunguze chapati na maandazi ghafla bila kuongea na kliniki yake. Dozi iliyopangwa kwa chapati mbili inaweza kumwangusha akila moja. Dalili za sukari kushuka mno ni kutetemeka, jasho la baridi, kuchanganyikiwa. Akiziona, anywe soda yenye sukari nusu chupa au maji yenye vijiko vinne vya sukari vilivyosawazishwa, na apime tena baada ya dakika 15.

Mwenye kipimo chake nyumbani ana njia ya kujua oda ipi inamfaa. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili tangu ulipoanza kula. Siku moja chai na maandazi, siku nyingine chapati moja na maharage, saa ile ile, dawa ile ile. Wengi huelekezwa wabaki chini ya 10 (mmol/L) baada ya saa hizo mbili. Andika namba zote mbili kando ya jina la chakula, na uende na karatasi hiyo kliniki siku ya miadi.