Hewa ya Oktoba ina kiu: namna ya kupima maji ya nyanya Lubumbashi

Kila mwezi wa kumi naulizwa swali lilelile na wanaolima bustani kando ya mto Kafubu: "Nimemwagilia asubuhi, mbona mchana nyanya zimelala?" Mara nyingi shida haiko kwenye udongo, iko hewani. Jifunze kuisoma hewa hiyo kabla hujabeba bidoni (dumu la maji) jingine.

Hatua ya 1: Pima kiu ya hewa

Tafuta vipimajoto viwili vinavyosoma sawa. Kimoja kiache kikavu. Kingine kivishe kitambaa chepesi cha pamba pale chini, ncha ya kitambaa izame kwenye kikopo cha maji safi. Vitundike kivulini, vipepee kwa kipande cha katoni dakika tatu, kisha soma.

Maji ya kitambaa yakigeuka mvuke huondoka na joto, ndiyo maana kipimajoto chenye kitambaa hushuka. Tofauti ikiwa kubwa, hewa ina kiu. Tuseme mchana wa Oktoba kikavu kinasoma nyuzi 32 na chenye kitambaa 20: hapa kwetu, mwinuko wa kama mita 1,200, huo ni unyevu wa asilimia 35 hivi. Januari, mvua zikishakolea, ukipata 26 na 21, unyevu ni kama 65. Joto limeshuka nyuzi 6 tu, lakini nguvu ya hewa ya kunyonya maji kwenye jani imepungua hadi karibu theluthi! Anayetazama joto peke yake atakosea hesabu.

Hatua ya 2: Weka beseni

Jaza maji beseni pana lenye kingo zilizosimama wima, uliweke mahali pa wazi, ulifunike kwa wavu kuzuia kuku na ndege. Pima kina kwa rula asubuhi, na kesho yake saa ileile. Maji yakishuka milimita 8, zidisha kwa 0.7, unapata 5.6. Nyanya zilizofunika tuta na kuanza kuzaa, zidisha tena kwa 1.15, miche michanga, kwa 0.6. Kwa nyanya zinazozaa utapata kama milimita 6.4, na milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Tuta la mita 1 kwa 10 linataka lita 64: bidoni tatu za lita 20 na kidogo juu.

Beseni dogo lililozungukwa na ardhi kavu hukauka upesi kupita kiasi, kwa hiyo namba hiyo ni ya kuanzia. Mmea wenyewe ndio unaoirekebisha.

Hatua ya 3: Shika jani

Hii ndiyo hatua ninayoipenda na ndiyo inayookoa maji mengi. Mchana, gusa jani lililo juani kwa mgongo wa mkono. Likiwa na ubaridi, mmea unakunywa: maji yanatoka kwenye vitundu vya jani na kulipoza. Likiwa na joto, vitundu vimefungwa. Mmea hufunga vitundu udongo ukikauka, lakini huvifunga pia hewa ikiwa kavu mno, hata kama mizizi iko majini. Na vitundu vikifungwa, hewa ambayo jani hutengenezea chakula haiingii, hivyo ukuaji hudorora.

Basi usiamue mchana. Rudi alfajiri. Majani yakiwa yamesimama, udongo una maji. Lililolaza mmea ni jua na hewa tu. Yakiwa bado yamelala, chimba kwa kidole hadi kifundo cha pili: pakiwa pakavu, mwagilia sasa hivi. Pakiwa na tope, acha kabisa. Mwaka mmoja mimi nilimwaga maji kila mchana nikiona majani yamelegea, nikang'oa mashina yenye mizizi ya kahawia inayonuka. Mizizi nayo inahitaji kupumua.

Hatua ya 4: Usiruke siku

Ukame wa siku tatu ukifuatiwa na mafuriko ya siku moja ndio unaoleta kitako cheusi kwenye nyanya. Madini ya chokaa (kalsiamu) yanayojenga tunda husafiri pamoja na maji. Safari ikikatika, ncha ya tunda hukosa, na kidonda hicho hakiponi tena. Mwagilia asubuhi na mapema, chini kwenye shina, kisha tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Nyasi haziizuii hewa kunyonya majani, ila zinazuia isinyonye udongo bure. Kama upepo unapiga, panda mstari wa mahindi upande unakotoka.

Maji yakiwa haba kweli, yapeleke kwanza kwenye tuta lenye maua na matunda machanga. Lengalenga (mchicha) unaweza kuzichuma mapema ukazipanda tena mvua ikirudi.