Kupanga tovuti ya kwanza ya biashara ndogo kabla ya kumwita fundi

Tovuti za biashara ndogo hukwama zaidi kwenye maandishi na picha kuliko kwenye ufundi. Muundo huwa tayari mapema, kisha kurasa zinakaa miezi na maneno ya kujazia nafasi kwa sababu hakuna aliyeandika bei wala kupiga picha za bidhaa. Anza na daftari, fundi aje baadaye.

Andika jambo moja unalotaka mgeni alifanye akifika: apige simu, atume ujumbe wa WhatsApp, aweke oda au aje dukani. Chagua moja tu. Hilo ndilo litakalopewa kitufe juu ya kila ukurasa, mahali panapoonekana kwenye simu bila kushuka chini. Kama ni simu, namba iwe kiungo cha kubonyeza, ianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi ili hata aliye nje ya nchi aweze kupiga. Usiiweke ndani ya picha, maana hapo haibonyezeki.

Kisha pitia ujumbe wa wateja wa mwezi uliopita, uandike maswali kumi yanayojirudia, kwa maneno yao wenyewe. Majibu yake ndiyo maudhui yako, na mara nyingi yanatosha kurasa tano: mwanzo, huduma, bei, kuhusu sisi na mawasiliano. Huduma ambayo watu huitafuta peke yake ipewe ukurasa wake. Anayetafuta mtu wa kuzibua bomba hana haja ya kupitia maelezo ya kufunga hita ya maji. Ukurasa wa bei ndio wengi huuogopa. Kama bei hubadilika, taja inaanzia ngapi na ni nini huiongeza.

Kichwa cha ukurasa wa mwanzo kinastahili muda wako kuliko rangi. “Tunatoa huduma bora kwa wateja wetu” inaweza kuwa ya duka la viatu au ya kliniki. “Tunashona sare za kazi kuanzia pisi 10, zinakamilika ndani ya siku 7” inamwonyesha mtu papo hapo kama amefika panapomfaa.

Domeni, yaani anwani ya tovuti kama jinalako.com, isajili mwenyewe, kwa jina lako au la biashara, hata kama fundi amejitolea kukusaidia. Ikiwa kwa jina lake, siku mkikosana utaondoka bila anwani ambayo wateja wameizoea. Akaunti ya usajili itumie barua pepe isiyotegemea domeni hiyohiyo: domeni ikiisha muda, barua pepe zake nazo hukatika, na tangazo la kulipia halitakufikia. Domeni ya .com hulipiwa kuanzia mwaka 1 hadi 10 kwa mara moja. Washa malipo ya kujirudia, na uangalie kadi uliyoiweka isije ikaisha muda. Kuhusu jina lenyewe, mtajie mtu kwa simu na umwombe aliandike. Akikosea tahajia, tafuta jingine.

Kwa hostingi, yaani mahali tovuti inapohifadhiwa, ile ya kushirikiana seva (kompyuta inayoitunza tovuti) na wengine inatosha kuanzia. Uliza kama cheti cha usalama kinajihuisha chenyewe, kwa sababu vyeti vya bure vya shirika la Let's Encrypt hudumu siku 90 au pungufu, na kikiisha kivinjari kitamwonya mteja kwamba tovuti si salama. Uliza pia bekapu (nakala ya akiba ya tovuti) huchukuliwa kila baada ya muda gani, na nani huirejesha. Nakala moja ikae nje ya seva hiyo.

Picha ndizo zinazoua kasi. Picha moja ya simu huweza kufika megabaiti 4. Kumi za namna hiyo kwenye ukurasa wa mwanzo ni megabaiti 40 zinazokatwa kwenye bando la mteja. Punguza upana uwe pikseli 1600 kwa picha kubwa na 800 kwa za orodha, kisha zihifadhi kama faili za JPEG au WebP chini ya kilobaiti 200. Piga karibu na dirisha mchana, bila mwako wa kamera, na piga bidhaa yako halisi.

Kabla ya kutangaza, fungua tovuti kwenye simu ya bei nafuu kwa intaneti ya bando. Jaza fomu ya mawasiliano kwa anwani ya mtu mwingine uone ujumbe unaangukia wapi. Fomu nyingi husema “imetumwa” huku ujumbe ukizikwa kwenye barua taka, kwa kuwa rekodi za SPF na DKIM za domeni, zinazothibitisha kwamba barua pepe imetoka kwako kweli, hazikuwekwa. Kama tovuti imejengwa kwa WordPress (programu ya kutengeneza tovuti), hakikisha kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti kimeondolewa tiki. Mafundi hukiweka wakati wa ujenzi na kukisahau. Baada ya hapo peleka ramani ya tovuti (faili lenye orodha ya kurasa zake) kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti.

Siku ya kukabidhiwa, ingia kwa akaunti yako ya msimamizi fundi akiwa bado yupo, badilisha bei moja na picha moja mwenyewe, kisha ubadilishe nywila za tovuti, hostingi na domeni.