Jinsi ya Kupanga Safari ya Siku Moja ya Mahekalu ya Kanchipuram Mkiwa Marafiki

Waswahili wengi wanaofika Chennai, mji mkuu wa jimbo la Tamil Nadu kusini mwa India, huwa wamekwenda kusoma au kumsindikiza mgonjwa hospitalini, na siku yao ya mapumziko huishia madukani au ufukweni. Kanchipuram iko umbali wa takriban kilomita 75 tu kutoka hapo, nayo ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Pallava, waliotawala eneo hilo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mji una mahekalu mengi mno, lakini nawashauri mchague manne na kuyatazama kwa utulivu, tena kwa kufuata saa za mahekalu yenyewe.

Saa hizo ndizo msingi wa mpango wote. Mahekalu mengi ya huko hufunguliwa mapema asubuhi, hufungwa adhuhuri, kisha hufunguliwa tena mnamo saa kumi alasiri hadi usiku unapoingia. Mara yangu ya kwanza tulikuwa watano, tukaondoka Chennai tukiwa tumeshakunywa chai bila haraka, tukafika wakati milango inafungwa, na karibu saa nne zikatupotea chini ya mti. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Gari la kukodi kwa kutwa nzima, mkichangiana watu wanne au watano, ndilo linalofaa zaidi, kwa kuwa dereva hubaki nanyi na viatu vyenu huachwa garini. Treni za abiria zinazopitia mji wa Chengalpattu nazo hufika Kanchipuram kwa nauli ndogo sana, ila zinachukua muda mrefu, na mkishuka mtahitaji bajaji. Patanani bei ya mzunguko wote kabla ya kupanda, na mseme wazi kwamba hamtaki kupelekwa kwenye maduka ya hariri, kwani baadhi ya madereva hupata kamisheni kwa kila mgeni wanayempeleka.

Kuhusu mavazi, wanawake wafunike mabega na magoti, na khanga moja ya ziada ndani ya mkoba haijawahi kukosa kazi. Wanaume wavae suruali ndefu, au kikoi cheupe ikiwa wanacho, kwa maana wenyeji wenyewe hujifunga shuka nyeupe ya pamba yenye pindo la rangi, na anayevaa kikoi huonekana kama aliyejiandaa kwa heshima. Viatu huvuliwa mlangoni bila mjadala. Kufikia saa nne asubuhi mawe ya uani huwa yameshika moto, hivyo bebeni soksi nyepesi za kuvukia uwanja, mzivue mnapoingia kumbi za ndani.

Anzeni na Kailasanathar, upande wa magharibi wa mji, kwa sababu hekalu hilo linatazama mashariki na jua la asubuhi huangaza mbele yake. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 8 na mfalme Narasimhavarman wa Pili, aliyeitwa pia Rajasimha, na sehemu kubwa yake ni jiwe la mchanga, ambalo ni laini kuchonga lakini huliwa upesi na mvua na upepo. Ndiyo maana sura nyingine zimefutika kabisa na nyingine zimefunikwa na lipu ya baadaye. Ua wake umezungukwa na vihekalu 58 vidogo, vingi vikiwa na Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, katika umbo tofauti, na simba waliosimama kwa miguu ya nyuma wamechongwa kwenye nguzo pande zote. Msikimbilie kupiga picha. Zungukeni ua mzima, hekalu likiwa mkono wenu wa kulia kama waumini wafanyavyo, kisha chunguzeni vizuri kuta za vihekalu, kwani mahali pengine pamebaki mabaki ya michoro ya rangi. Tengeni saa moja na nusu.

Kutoka hapo nendeni Ekambareswarar, ambako lango lenye mnara wa zaidi ya mita 55 lilijengwa mwaka 1509 na Krishnadevaraya, mfalme wa dola ya Vijayanagara iliyokuja baada ya Pallava. Humu Shiva huabudiwa kama ardhi, na masimulizi ya Wahindu yanaeleza kwamba mungu wa kike Parvati alifinyanga ishara ya Shiva kwa mchanga chini ya mwembe, na mto ulipofurika akaikumbatia isichukuliwe na maji. Hili ni hekalu la ibada ya kila siku, na asiye Mhindu haruhusiwi kuingia mahali patakatifu pa ndani. Akiwemo Mhindu kati yenu, mwacheni aingie peke yake, nanyi msubiri kwenye ukumbi wa nguzo. Kuhani akikupa jivu au ua, pokea kwa mkono wa kulia, na ikiwa dini yako haikuruhusu kupokea, kunja viganja kifuani na uiname kidogo. Sijaona mtu akichukizwa na hilo, ilhali nimeona wengi wakiumizwa na mgeni anayecheka au kugeuzia sanamu mgongo ili apigwe picha.

Hekalu la Kamakshi liko karibu, lakini uzito wake uko katika ibada ya ndani, hivyo kundi lisilo na Mhindu linaweza kulipita. Adhuhuri nendeni mkale. Migahawa mingi ya mjini haina nyama, chakula huletwa juu ya jani la mgomba, na mnapaswa kuulizia idli ya Kanchipuram, mkate wa mvuke wa mchele na choroko nyeupe uliotiwa pilipili manga, bizari nyembamba na tangawizi. Saa hizo pia ndizo za kutazama wafumaji wa hariri, wanaofuma pindo na mwili wa sari kwa rangi tofauti na kuviunganisha papo hapo kwenye kitanda cha mfumi.

Milango ikifunguliwa, ingieni Vaikunta Perumal, hekalu la karne ya 8 la Vishnu, mungu mwingine mkuu wa Wahindu, ambalo wageni wengi huliruka, na kwa maoni yangu wanakosa mengi. Ukuta wa baraza yake umechongwa historia ya wafalme wa Pallava, hadi kutawazwa kwa Nandivarman wa Pili, aliyeitwa kushika ufalme akiwa bado mvulana.

Malizeni jua likishuka kwenye Varadaraja Perumal, upande wa pili wa mji, mkatazame ukumbi wa nguzo na minyororo ya mawe inayoning'inia kwenye pembe zake, kila mmoja ukiwa umechongwa kutoka jiwe moja. Chini ya bwawa la hekalu hilo hulazwa sanamu ya Vishnu ya mti wa mtini, ambayo hutolewa mara moja kila baada ya miaka 40. Ilitolewa mwaka 2019 kwa siku 48, na zamu inayofuata ni 2059. Kaeni kwenye ngazi za ukumbi mpaka taa ziwashwe, ila dereva awe amewasha gari kufikia saa moja usiku, kwa sababu barabara ya kurudi Chennai hujaa sana siku za Jumapili.