Soseji na maharage ya kopo: jinsi ya kuyageuza yawe mlo wa maana

Maharage ya kopo yenye rojo la nyanya hayana haja ya kupikwa. Yaliivia ndani ya kopo kiwandani, na rojo lake limeshatiwa sukari, chumvi, wanga na mara nyingi siki kidogo. Ukiyapasha moto tu na kuyatumbukizia soseji, unapata chakula chenye utamu ule ule kuanzia tonge la kwanza hadi la mwisho, laini kila mahali, na soseji zilizopauka. Kinachokosekana ni ladha ya nyama iliyokaangwa ikawa ya kahawia, na uchachu wa kuikata ile sukari. Kazi yote iko hapo, na karibu yote inafanyika kabla kopo halijafunguliwa.

Vipimo hivi ni vya watu wanne:

- soseji mbichi 8 (gramu 450 hadi 500)
- maharage ya rojo la nyanya, kopo 1 la gramu 400
- maharage meupe yasiyo na rojo, kopo 1 la gramu 400
- kitunguu maji 1 kikubwa na punje 2 za kitunguu saumu
- nyanya nzito ya kopo, ile inayokaa kwenye kijiko bila kumwagika, vijiko vikubwa 2
- paprika ya moshi (unga wa pilipili tamu zilizokaushwa kwa moshi), kijiko 1 cha chai
- haradali, kijiko 1 cha chai
- siki, kijiko kikubwa 1
- mafuta, kijiko kikubwa 1
- maji, mililita 150

Chumvi haimo kwenye orodha, na haikusahaulika. Soseji zina chumvi, rojo lina chumvi, na haradali nayo ina yake. Onja mwishoni ndipo uamue.

Makopo mawili ya aina tofauti ndiyo rekebisho moja ambalo tungelichagua kama tungeruhusiwa moja tu. Kopo la pili, likichujwa na kusuuzwa kwa maji ya bomba, huongeza maharage bila kuongeza sukari, na rojo la kopo moja likisaidiwa na nyanya nzito linatosha kuyabeba yote. Ukitumia makopo mawili yenye rojo, punguza nyanya nzito iwe kijiko kimoja na maji yawe mililita 100.

Kukaanga soseji

Kwanza ujue uliyonayo ni ya aina gani. Soseji zilizokwisha kuiva, kama frankfurter, ni ngumu kidogo ukizibonyeza na pakiti yake husema ni za kupasha tu. Hizo zikate mshazari, zikaange dakika 3 au 4 zipate rangi, basi. Maelezo yanayofuata ni ya soseji mbichi.

Zipange kwenye kikaango kipana, cha sentimita 28 hivi, kikiwa bado baridi, pamoja na mafuta. Kisha washa moto wa wastani, chini kidogo. Kuanzia kwenye baridi kuna sababu: kikaango kikiwa cha moto sana, ngozi ya soseji hukaza na kusinyaa kwa haraka wakati nyama ya ndani inatanuka na kutoa mvuke, na hapo ndipo inapopasuka ubavuni. Zigeuze kila baada ya dakika 2 au 3, kwa dakika 12 hadi 15, mpaka ziwe za kahawia pande zote. Ziachie nafasi kati yake. Zikibanana zinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika.

Usizitoboe kwa uma. Tabia hii imeenea sana, lakini matundu yanamwaga maji na mafuta yanayoifanya soseji isiwe kavu. Kama zimetoa mafuta mengi, yamwage ubakize kiasi cha kijiko kikubwa kimoja kwa ajili ya kitunguu.

Rangi ya ndani ni kipimo kibaya cha kuiva. Soseji zilizotiwa naitraiti, kihifadhi cha nyama, hubaki za waridi hata zikiiva kabisa, na nyingine hubadilika rangi mapema kabla hazijaiva. Kipimajoto ndicho cha kuaminika: katikati ifike nyuzi 71 za Selsiasi kwa ng'ombe na nguruwe, nyuzi 74 kwa kuku. Kichomeke kupitia nchani kuelekea katikati. Ukikipitisha ubavuni kwenye soseji nyembamba kitasoma joto la kikaango. Usipokuwa nacho, kata ile nene kuliko zote: nyama iwe imeshikana hadi katikati, pasiwe na sehemu laini kama unga uliolowa, na maji yanayotoka yawe meupe. Zikiwa bado kidogo si tatizo, kwa sababu zitarudi kwenye rojo, ila zipime tena kabla ya kupakua.

Kujenga rojo

Zitoe soseji, uziweke kwenye sahani. Kikaango usikioshe. Ile tabaka ya kahawia iliyoganda chini ndiyo ladha yenyewe. Tia kitunguu kilichokatwa vipande vidogo, kikaange kwa moto wa wastani dakika 8 mpaka kilainike na kingo zianze kuwa za kahawia. Watu wengi hukatisha hapa kwenye dakika ya tatu, matokeo yake unakutana na vipande vya kitunguu vinavyolia mdomoni katikati ya maharage laini. Tia kitunguu saumu kilichosagwa, koroga nusu dakika.

Sasa nyanya nzito. Itandaze kwenye kikaango, uikaange dakika 2 ukiigeuzageuza, mpaka wekundu wake mkali ugeuke rangi ya tofali na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Nyanya nzito isiyokaangwa huacha ladha ya kopo ambayo viungo havitaificha. Paprika ifuate, sekunde 20 tu, kwani huungua haraka na ikiungua ni chungu. Mimina maji yote mara moja na ukwangue chini kwa mwiko bapa hadi pasafike.

Hapo ndipo maharage yanapoingia. Punguza moto, rudisha soseji pamoja na maji yaliyobaki kwenye sahani, na uache rojo litokote taratibu bila mfuniko kwa dakika 10 hadi 12. Koroga kila dakika 2 kwa kusukuma mwiko chini kabisa, polepole. Sukari na wanga wa rojo hutuama na kushika chini upesi kuliko unavyotarajia, hasa kwenye sufuria nyembamba. Lakini ukikoroga kwa nguvu maharage yanapondeka, na chakula kinakuwa uji. Likishashika chini na ukasikia harufu ya kuungua, usikwangue. Hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine, ukoko ubaki ulipo.

Zima moto, tia haradali na nusu ya siki, koroga, onja. Siki iliyochemka muda mrefu hupoteza makali yake, ndiyo maana inakuja mwisho. Bado kuna utamu mwingi? Ongeza siki iliyobaki kabla hujagusa chumvi. Mara nyingi kinachodhaniwa ni chumvi kupungua ni uchachu uliopungua.

Kumalizia kwenye oveni

Kama una oveni, hatua hii ndiyo inayoleta kitu cha kutafuna. Pasha oveni hadi nyuzi 190, au 170 kama ina feni. Mimina maharage kwenye bakuli la kuokea, panga soseji juu zizame nusu tu ili migongo ipate rangi. Changanya gramu 60 za chenga za mkate na vijiko vikubwa 2 vya mafuta, zinyunyize juu ya maharage, si juu ya soseji. Oka dakika 25, mpaka rojo litokote kingoni. Chenga zikilowa na kuwa kama ugoro, rojo lilikuwa jepesi mno tangu mwanzo. Lipunguze jikoni dakika 5 zaidi kabla ya kuliingiza. Jibini, gramu 80 hivi, isubiri dakika 10 za mwisho. Ikikaa muda wote inakauka na kuachia mafuta.

Unaweza pia kuweka viazi vilivyopondwa juu, gramu 800, maziwa kidogo sana. Kata soseji vipande kwanza, na uache maharage yapoe dakika 10 kabla ya kutandaza, la sivyo viazi vinazama.

Ukiwa na maharage makavu

Haya ndiyo yanayowashinda wengi, na kosa ni karibu lile lile kila mara: nyanya kuingia mapema. Asidi huifanya gundi ya asili inayoshikilia kuta za harage isiyeyuke, kwa hiyo harage lililokutana na nyanya au siki likiwa gumu linaweza kuchemka saa nyingi na bado likabaki gumu. Lilainishe kwanza kabisa, nyanya baadaye.

Gramu 250 za maharage madogo meupe makavu zitatoa takriban gramu 600 yaliyoiva, kama makopo mawili na nusu yaliyochujwa. Yaroweke saa 8 hadi 12 kwenye lita moja na nusu ya maji yenye kijiko kikubwa kimoja cha chumvi. Chumvi haiyafanyi kuwa magumu kama inavyosemwa. Kinyume chake, huilainisha ngozi. Mwaga maji hayo, suuza, chemsha kwenye maji mapya dakika 45 hadi 90. Tofauti hiyo kubwa inatokana zaidi na umri wa maharage. Yaliyokaa ghalani muda mrefu yanaweza kusaidiwa kwa robo kijiko cha chai cha magadi soda kwa kila lita, si zaidi, maana yakizidi chakula kina ladha ya sabuni na ngozi zinabanduka. Unapopima, chukua matano kutoka sehemu tofauti za sufuria. Moja likiwa limeiva halikuambii kitu.

Maharage mekundu makubwa yana onyo lake. Yana lektini, aina ya protini inayosababisha kutapika na kuharisha yakiliwa mabichi au nusu mbichi, na haiondoki mpaka yachemke kwa nguvu dakika 10 angalau. Jungu la umeme la kupika polepole huenda lisifikie joto hilo, kwa hiyo yachemshe jikoni kwanza. Ya kopo hayana shida hii.

Rojo la maharage uliyochemsha mwenyewe: gramu 400 za nyanya za kopo, nyanya nzito kijiko kikubwa kimoja, sukari ya kahawia kijiko kikubwa kimoja, chumvi nusu kijiko cha chai. Litokote dakika 20 juu ya kitunguu kilichokaangwa, kisha tia maharage laini, na uponde vijiko vitatu vyake ndani ya rojo. Hayo yaliyopondwa yanafanya kazi ambayo wanga hufanya ndani ya kopo.

Marekebisho mengine

Karoti zikatwe sentimita moja na zianze na kitunguu, kwa sababu hazilainiki vizuri zikishaingia kwenye nyanya. Pilipili hoho dakika 4 kabla ya nyanya nzito. Mchicha dakika 2 za mwisho.

Soseji zisizo na nyama zikaangwe peke yake na ziwekwe juu wakati wa kupakua. Nyingi humong'onyoka zikitokota kwenye rojo. Kwa kuwa hazitoi mafuta ya maana, ongeza mafuta yawe vijiko vikubwa viwili na ukaange uyoga gramu 200 mpaka maji yake yaishe na uwe wa kahawia. Asiyekula ngano asome pakiti: soseji nyingi hutiwa chenga za mkate au unga wa ngano.

Kwa watoto wadogo, pasua soseji kwa urefu mara mbili, upate vipande vinne virefu, ndipo ukate vidogo. Vipande vya mviringo kama sarafu vinaweza kuziba koo.

Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kwenye chombo kifupi kipana ili kipoe haraka. Kinakaa siku 3 hadi 4 kwa nyuzi 4 au chini yake, na kwenye friza miezi 2 hadi 3. Rojo litaganda kama jeli, au litatoa maji baada ya friza. Vyote viwili ni wanga tu, vijiko 3 au 4 vya maji na kukoroga vinalirudisha. Pasha mpaka litokote kote. Kwenye maikrowevu kata soseji kwanza, zisipasuke. Na maharage yaliyobaki kwenye kopo lililofunguliwa yahamishie kwenye chombo chenye mfuniko kabla ya kuyaweka kwenye friji.